Harpoon: kompyuta ilipokalia kiti cha mwamuzi

Mwaka 1980 Larry Bond, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani, alitoa mchezo wa mezani wa vita vya manowari za kisasa, akauita Harpoon. Kwa mvuvi neno hilo ni chusa. Kwa Bond lilikuwa jina la kombora la kuzamishia meli. Mwaka 1989 kampuni ya Three-Sixty ikaugeuza kuwa mchezo wa kompyuta, na tangu hapo wapenzi wake wana ubishi usiokwisha. Wengine wanashikilia kuwa kompyuta ndiyo iliyouokoa, wengine kuwa iliutoa roho. Nimeucheza kwa namna zote mbili na nimeupenda kwa namna zote mbili, kwa hiyo ubishi huu unanigusa.

Tuanze mezani. Kuna vimeli vidogo, rula, karatasi ya kila meli na dadu za pande kumi. Mzunguko mmoja ni dakika 3 za vita. Anayeushika mchezo wote ni mwamuzi. Wachezaji hawaonani, kila mmoja anampa mwamuzi amri zake, naye anawajibu kwa kile tu ambacho vyombo vyao vingeweza kukigundua. Unaweza kukaa saa nzima ukapata jibu moja: kuna kitu upande wa kaskazini, hakijatambuliwa.

Aliyezoea bao anahangaika hapa. Kwenye bao mashimo yote 32 yako mbele ya macho, na ushindi ni wa anayehesabu mbali zaidi. Kwenye Harpoon hesabu haina pa kuanzia mpaka ujue adui yuko wapi, na kumtafuta kuna gharama yake. Ukiwasha rada unaona, lakini adui mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anajua ulipo akiwa bado mbali, kabla rada yako haijamfikia. Uamuzi huo mmoja, kuwasha au kuzima, ndio kiini cha mchezo mzima.

Nao haukutoka kichwani mwa mtu tu. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, ndege mbili za Argentina aina ya Super Étendard ziliruka chini chini juu ya maji, zikapanda kidogo, zikawasha rada zao kwa muda mfupi, zikarusha makombora ya Exocet. Manowari ya Uingereza, Sheffield, ilikuwa wakati huo ikiwasiliana kwa satelaiti, na mawasiliano hayo yakakiziba kifaa chake cha kunasa rada za adui. Mabaharia 20 walikufa. Mchezaji wa Harpoon akisoma habari hiyo anaielewa papo hapo, kwa sababu ameshawahi kukaa na penseli mkononi akijiuliza awashe au asiwashe.

Wanaoitetea kompyuta wana hoja nzito, na ya kwanza ni huyo mwamuzi. Utampata wapi mtu anayezijua kanuni zote, aliye tayari kupoteza Jumamosi nzima asicheze? Ukimpata, bado ni binadamu. Unamwuliza mara ya pili kuhusu upande wa magharibi, anakawia kidogo, anatazama karatasi zake, na wewe umeshajua kuna kitu magharibi. Kompyuta haina uso wa kusomwa.

Halafu kuna muda. Kombora linaloruka kilomita 1,000 kwa saa hukata kilomita 50 ndani ya mzunguko mmoja wa dakika 3. Likija chini juu ya mawimbi, rada ya meli inaweza kulikuta limebakiza kilomita 25 au 30, yaani chini ya dakika mbili. Ndani ya dakika hizo mnatakiwa kukokotoa nani kagundua, nani kafyatua, kipi kimedunguliwa na kipi kimepenya, kwa makombora 20 yanayokuja kwa pamoja. Jioni inakwisha na vita havijafika nusu saa. Kinyume chake, kuna msafara unaovuka Atlantiki siku kadhaa bila tukio lolote. Kompyuta inazimaliza hesabu kabla hujapepesa jicho, na ile siku tupu inaipitisha kwa kuharakisha saa.

Kwa hayo yote nawakubalia. Palipobaki jeraha ni hapa. Usiku mmoja nilikuwa nacheza kwenye kompyuta seti ya mapambano ya Bahari ya Hindi na Ghuba ya Uajemi. Nilikuwa na manowari moja ya kusindikiza, rada imezimwa, kila kitu kimya. Ghafla ukaja ujumbe kwamba meli imepigwa, kisha mwingine kwamba imezama. Nikabaki naitazama skrini. Je, kinga yake ilishindwa kwa sababu nilichelewa, au ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, au ni bahati mbaya tu? Mezani ningejua, kwani ningekuwa nimerusha dadu kwa mkono wangu na kuisoma asilimia kwenye jedwali.

Hili si dogo, ukikumbuka mchezo ulizaliwaje. Jeshi lilikuwa na mchezo wake wa mafunzo, NAVTAG, lakini ulikuwa wa siri. Bond alitaka kitu ambacho afisa angeweza kujifunzia bila kugusa siri za serikali, akakijenga kwa taarifa zilizokuwa wazi kwa umma. Ina maana namba nyingi za Harpoon ni makadirio ya mtu makini, mengine kuhusu silaha ambazo hazikuwahi kurushwa vitani. Kwenye karatasi kadirio linaonekana ni kadirio: unalibishia, unalifuta kwa penseli, mnakubaliana jingine. Likishafichwa ndani ya programu linavaa joho la ukweli.

Watanijibu kwamba hata mwamuzi binadamu huharibu mambo, na mfano wanao. Katika zoezi la jeshi la Marekani la Millennium Challenge mwaka 2002, jenerali mstaafu Paul Van Riper, aliyeongoza upande wa adui, alizamisha meli 16 kwa mvua ya makombora na boti ndogo. Wasimamizi wakaziibua meli, zoezi likaendelea. Ni kweli, na ni aibu. Lakini Van Riper aliona lililofanyika, akalalamika kwa sauti, na ubishi ule unaendelea hadi leo. Aliyejaza namba za mchezo wa kompyuta aliamua kabla hujaketi, na hayupo chumbani umuulize.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko katikati kabisa. Kutoonana ndiko kunakoufanya mchezo huu uwe vita vya baharini, na hapo kompyuta imeishinda meza. Sitarudi kumbembeleza mtu awe mwamuzi. Ninachokidai ni namba zangu zirudishwe. Kwamba inawezekana nimekiona mwenyewe kwenye Command, mchezo wa mwaka 2013 uliofuata nyayo za Harpoon, ambao hata majeshi hununua toleo lake la kitaalamu. Pembeni ya ramani kuna orodha ya matukio inayoandika kila shambulio: asilimia ya kuanzia, kilichopunguzwa na kwa nini, dadu imetoka ngapi. Mara ya kwanza manowari yangu ilipozama humo nilisimamisha saa ya mchezo, nikarudi juu kwenye orodha nikisoma mstari kwa mstari, mpaka nikaufikia ule unaoonyesha kwamba rada niliiwasha mimi.