Gereji bubu ya mjomba na ndugu wa Bologna

Kila Jumamosi nikitoka kazini napita uwanja wa Piazza Maggiore, hapa Bologna, Italia, na lazima nisimame kidogo mbele ya sanamu ya Neptune, yule mungu wa bahari wa Warumi wa kale. Ameshika mkuki wa meno matatu. Mkuki huo ndio unaouona kwenye pua ya kila gari la Maserati, magari ya Kiitaliano yaliyoanzishwa na ndugu wa ukoo huo. Aliyechora nembo ni Mario Maserati, mchoraji wa picha, ndugu pekee kati yao ambaye hakuchagua kazi ya magari.

Nina miaka tisa hapa Bologna. Jamaa wa Dar wananiuliza habari za magari haya wakiamini yameanzishwa na matajiri. Sivyo. Baba wa ndugu hao alikuwa mfanyakazi wa reli. Mmoja wao, Alfieri, alikuwa fundi wa kampuni ya magari ya Isotta Fraschini, na Desemba 1914 akafungua gereji yake hapa mjini, Via de' Pepoli, pamoja na wadogo zake Ettore na Ernesto. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja wakatengeneza plagi za injini. Gari la kwanza lenye jina lao, Tipo 26, likatoka 1926. Hesabu mwenyewe: miaka 12 wanachafuka oili kwenye magari ya wengine! Mwaka huohuo Alfieri akaliendesha mwenyewe katika mashindano ya Targa Florio kule Sicilia, fundi Guerino Bertocchi ameketi ubavuni mwake, wakaongoza daraja la injini za lita moja na nusu.

Nikisoma habari hizi namwona mjomba wangu, Ilala, chini ya mwembe wake. Mjomba anakata bushi, vile vipande vya mpira vya kwenye maungio ya miguu ya gari, za Peugeot 504 kutoka kwenye tairi kuukuu na gari linarudi barabarani. Anasikiliza injini ikiunguruma gari likiwa limesimama tu na kukuambia valvu ipi imechoka. Gereji yake, kama za wenzake wote, tunaiita gereji bubu. Jina hilo linaniuma zaidi kila mwaka. Bubu kwa sababu haina leseni, sawa, lakini pia kwa sababu hakuna kilichowahi kuandikwa pale. Siku atakapoweka spana chini, ujuzi wa miaka arobaini utakwenda naye.

Hapa ninapofanya kazi, karakana ya kuchonga vipuri, mhandisi akitaka kubadilisha mchoro anamfuata kwanza mzee wa mashine, na alichosema mzee kinaandikwa. Ndicho ninachokionea wivu, kuliko mshahara.

Sisemi Ulaya imewatendea mafundi haki. Alfieri alifariki 1932, na mwaka 1937 ndugu zake waliuza kampuni kwa familia ya Orsi, iliyoihamishia Modena. Waliendelea kama waajiriwa kwa mkataba wa miaka kumi, kisha 1947 wakarudi Bologna kuanza upya, safari hii bila haki ya kutumia jina lao la ukoo. Wakaita magari yao OSCA. Mwaka 1954 kigari chao cha lita moja na nusu, kikiendeshwa na Stirling Moss na Bill Lloyd, kiliyashinda magari yenye injini kubwa kwenye mashindano ya saa 12 ya Sebring, Marekani. Kila nikilikumbuka hilo nafurahi kama ni wa nyumbani kwetu.

Na mjomba ana kitu ambacho sijakiona huku. Nilipokuwa na miaka 12 nilifika pale wakati wa likizo, akanipa spana namba 10 na gunia la kulalia chini ya gari. Hakuniuliza cheti. Huku kijana mgeni asiye na karatasi haruhusiwi hata kufagia karakana.

Desemba narudi likizo. Nimeshanunua madaftari mawili makubwa, na nimemwomba mjomba anitengee asubuhi zake. Tutaanza na zile bushi za 504.