Samaki walipona, gari likafa

Kabla hujanicheka, jua kwamba samaki hawakuoza hata mmoja.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwetu Tabata wiki mbili. Siku ya mwisho akadamkia Feri mwenyewe, akarudi na nguru wawili na changu kilo nne wa kupeleka Dodoma. Nikawapanga kwenye friza kwa mikono yangu, maana mkwe akikukabidhi samaki wake amekukabidhi na jina lake. Saa mbili usiku umeme ukakatika mtaa mzima. Mama hakusema neno. Aliitazama friza, kisha akanitazama mimi.

Mimi bwana, siku hiyo nilikuwa naingoja kwa hamu. Nina Nissan Leaf, gari la umeme mtupu, lililotumika Japani kwanza likaja huku na redio isiyoshika nusu ya stesheni zetu na dada anayeongea Kijapani kila ukiliwasha. Mtaani wanaliita Pasi, kwa sababu linachomekwa ukutani. Na mimi nimeshamaliza bando nyingi kuangalia mambo yake. Baada ya lile tetemeko la Machi 2011, Wajapani waligundua kwamba gari la umeme ni betri kubwa yenye matairi. Mwaka uliofuata kikatoka kisanduku cha kuunganisha Leaf na nyumba, kinarudisha hadi kilowati 6, na betri ya uniti 24 ikasemekana inaendesha nyumba ya Kijapani kama siku mbili. Kule Denmark, mji wa Frederiksberg, mwaka 2016 vilianza vigari vya kazi vya umeme ambavyo vikiegeshwa jioni vilikuwa vinaisaidia gridi, na wenyewe wakawa wanalipwa. Nikamwambia Mama Nasra kwamba ipo siku gari hili litatulipa. Akauliza siku yenyewe lini, maana hadi hapo lilikuwa linatudai.

Kisanduku hicho sina, na bei yake niliuliza mara moja tu. Fundi akanionyesha njia ya mkato. Chini ya boneti la Leaf kuna betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Gari likiwa limewashwa, betri kubwa inaijaza ile ndogo muda wote. Unabana pale inveta ya wati 1,000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unapitisha ekstensheni dirishani, basi. Sharti lake ni moja: gari liachwe limewashwa usiku kucha. Moshi halitoi, kelele halipigi.

Nikachomeka. Inveta ikalia piiii, ikazima. Friza ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Nikachomoa TV, nikachomoa feni, na mara ya tatu ikashika, ikanguruma. Watoto wakapiga makofi. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe mwanangu ameolewa na fundi." Maneno hayo nimeyasubiri miaka saba.

Nikapiga hesabu zangu. Betri imezeeka, imebaki na vibao 9 kati ya 12 vya kuonyesha uzima wake, na chaji ilikuwa nusu na ushee. Tuseme uniti 8. Friza mpaka asubuhi haimalizi hata uniti 1. Kumfikisha mama stesheni ya SGR kuwahi treni ya asubuhi, kama uniti 2. Nilikuwa tajiri! Nikalala bila feni, jasho linanitiririka, roho kwatu.

Sasa, hesabu ile ilikuwa ya friza. Haikuwa ya mtu wa Dodoma aliyezoea upepo wa usiku, amelala Dar mwezi wa pili kwenye chumba kisicho na feni.

Saa kumi alfajiri nikatoka na mabegi. Inveta inalia pi, pi, pi, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Leaf likikaribia kuishiwa huwasha kitaa chenye picha ya kobe. Nikachungulia dashibodi kumtafuta kobe, wala hayupo. Dashibodi yenyewe giza totoro. Nikamulika kwa simu. Kiti cha mbele kimelazwa, vioo vimepandishwa, na mama mkwe amejifunika blanketi. Blanketi! Dar es Salaam, Februari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Gari lako lina baridi tamu sana. Ila huyo binti usiku kucha ananisemesha. Nikamwambia, mwanangu, lugha yako siijui, lala. Akaja kunyamaza kama saa tisa hivi."

Saa tisa. Yaani binti wa watu alikuwa anaomba chaji kwa Kijapani, anabembelezwa alale.

Ningefanya nini? Mkwe hafokewi, wala haulizwi kwa nini alisukuma kiyoyozi mpaka mwisho. Nikasema, "Pole kwa usumbufu mama."

Vijana wa bodaboda wakaja mbio. "Weka gia ya pili, achia klachi!" Halina gia ya pili, halina klachi, halina hata injini ya kustuliwa, lakini wakati naeleza hayo tulikuwa tumeshasukumana hadi dukani kwa Mangi. Mangi, kwa huruma, akawasha jenereta yake. Nikachomeka chaja, ikawasha taa nyekundu. Chaja ile isipoona waya wa ethi haikubali, na jenereta ya Mangi ethi haina.

"Kwa hiyo limeletewa umeme, limekataa?" Mangi akauliza.

"Limekataa."

Akaizima jenereta taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tukaondoka na bajaji. Mama Nasra katikati, kanipa mgongo, mabega yanamtikisika kwa kicheko anachokizuia. Mama mkwe amepakata boksi la samaki, wagumu kama matofali. Tulipofika Buguruni akainama kunitazama.

"Baba Nasra, na hiyo treni nayo nasikia ni ya umeme?"

"Ndiyo mama."

Akakaa kimya mpaka tukavuka taa.

"Basi humo leo silali. Nisije nikaimaliza ya watu."