4,294,967,297 ndo namba ya kuanzia kufundisha tasa

Mi nikiambiwa nichague namba moja tu ya kumwonyesha mtu anayeanza kujifunza namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu), nachagua 4,294,967,297. Zile tasa za rekodi zenye mamilioni ya tarakimu ni nzuri, sikatai, ila hakuna unachoweza kuzifanyia kwa kalamu na karatasi, unaambiwa ni tasa unakubali yameisha. Hii unaweza kuipasua mwenyewe.

Stori yake ni kwamba mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat alichukua 2 akaipa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila jibu akaongeza 1, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano tasa! Akaamini kabisa zinazofuata nazo zitakuwa hivyohivyo. Kipeo kinachofuata ni 32 na hapo ndo inatokea namba yetu, ikakaa karibu karne nzima mpaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, alipoonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417.

Na wala huhitaji kugawa namba zote moja moja. Euler huyohuyo alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1, kwa hiyo wa kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641, yaani wa tano tu unampata.

Ila kinachonimaliza mimi ni hiki: 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Sasa tuangalie baki tu tukigawa kwa 641. 640 ni sawa na −1, ukiipa kipeo cha 4 inakuwa 1, na hiyo 640 kwa kipeo cha 4 ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Lakini 625 ni sawa na −16, na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4, weka hapo, unapata −(2 kwa kipeo cha 32) ina baki 1, kwa hiyo ukiongeza 1 kwenye 2 kwa kipeo cha 32 baki ni sifuri. Imeisha! Hakuna kalkuleta, mistari minne tu na namba ya mabilioni imegawanyika mbele ya macho yako. Kwa nini mtu akaririshwe orodha ya tasa mpaka 100 kabla hajaonyeshwa hiki kitu?

Halafu ile mifano mitano ya Fermat iliyokubali haikusaidia chochote, na mpaka sasa baada ya 65,537 haijapatikana tasa nyingine ya aina hiyo.

Mwangalie na jirani yake, punguza 2 upate 4,294,967,295: hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, walewale watano wa Fermat wakizidishwa pamoja, na kutokana na kazi aliyoianza mwanahisabati Gauss mwaka 1796 kwenye umbo la pande 17, hiyo ndo idadi witiri kubwa kuliko zote zinazojulikana ya pande sawa unazoweza kuchora kwa rula na bikari.