Takwimu za kwetu nilizipata ughaibuni

Nilipokuwa nyumbani nikiandika tasnifu, nilihangaika wiki nne nikitafuta data ghafi, yaani majibu ya kila kaya kabla ya kujumlishwa, za utafiti mmoja wa kaya. Ofisi niliyoiendea ilitaka barua ya chuo, kisha barua ya mkuu wa idara, kisha nikaambiwa mhusika yuko safarini. Nikaondoka na ripoti ya majedwali. Jedwali hujibu maswali ya aliyelitengeneza. Mimi nilikuwa na swali langu.

Miaka miwili baadaye, nikiwa masomoni nje, niliingia kwenye hifadhi ya tafiti ya Benki ya Dunia, nikajisajili na kueleza kwa sentensi chache ninachokusudia kufanya. Utafiti uleule nikaupakua, pamoja na dodoso lake, maelezo ya sampuli na uzani wa kila kaya, yaani namba inayoonyesha kaya hiyo inawakilisha kaya ngapi. Sikufurahi, niliumia. Waliokaa saa nzima wakihojiwa ni wazazi wetu.

Wengi hudhani wenzetu wametuzidi mitambo. Sikubaliani nao. Walichotuzidi ni desturi ya kutoitoa namba bila maelezo yake. Maktaba ya chuo ninachosoma ina mkutubi ambaye kazi yake ni takwimu tu, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: nani alihesabu, alimhesabu nani, na kile alichokihesabu alikipa maana gani?

Nilikuwa nalinganisha ajira ya miaka tofauti. Kumbe mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), ulibadilisha maana yenyewe ya ajira: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, ila hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Nchi ikifuata kipimo kipya, idadi ya walioajiriwa inaweza kushuka sana ilhali hakuna aliyeacha jembe. Bila maelezo yale ningeandika kwamba ajira imeporomoka, na ningekuwa nimepotosha.

Lakini kuna kitu sijakipata huku. Pale nyumbani nilikutana na mzee aliyewahi kuwa mdadisi, yaani mwenye kuhoji wanakaya, katika tafiti kadhaa. Aliniambia kwamba akiuliza, “Unafanya kazi?”, wanawake wengi walijibu hapana huku mikono yao ina udongo, kwa sababu kwao kazi ni ile yenye mshahara. Ilimbidi aulize upya kwa njia nyingine, na wadadisi wengine hawakuuliza upya. Hilo halimo katika faili lolote nililopakua.

Ndiyo maana siridhiki na wanaosema tusijali, data zetu zipo salama kwenye hifadhi za nje. DHS, programu ya tafiti za afya na idadi ya watu iliyoanza 1984, ilitegemea fedha za Marekani. Fedha zilipokatwa mwaka 2025, kazi ilisimama. Ofisi zetu za takwimu ziweke data ghafi wazi, majina yakiwa yameondolewa, na dodoso liambatane nazo, ili mwanafunzi asiye na barua wala anayemjua aweze kuzipata.

Mimi nimeanza kumpigia simu yule mzee kila Jumamosi. Tunapitia dodoso lile swali kwa swali, naye ananieleza watu walivyokuwa wakilielewa. Tumemaliza ukurasa wa orodha ya wanakaya, ambao peke yake ulituchukua simu tatu.