Faili lipo, kitabu hakipo

Mwanafunzi asiyeona anafungua tasnifu kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, inataja jina la faili kisha kimya. Anabonyeza H ili arukie kichwa cha sura: hakuna. Anashusha mshale: tupu. Kurasa zimo, tena nyingi, ila zote ni picha. Mtu aliiskani tasnifu ya karatasi, akaipandisha mtandaoni, akahesabu kazi imekwisha.

Mjadala wa ufikivu, yaani wenye ulemavu kuweza kuyatumia maandiko, ukizuka, lawama huenda kwa kampuni za nje zinazotuuzia hifadhidata. Sizitetei. Vipo vitabu vyao vya kielektroniki vilivyofungwa kwa kufuli za hakimiliki kiasi kwamba kinachozuia kunakili kinazuia pia kusoma kwa sauti. Lakini tazama JSTOR, hifadhidata ya makala za kitaaluma: makala zao za zamani nazo ni skani, ila nyuma ya picha yamewekwa maandishi yaliyotambuliwa na kompyuta, hata kama yana makosa ya hapa na pale. Kwa hiyo kuskani si kosa. Kosa ni kuishia hapo.

Na kuyaweka maandishi hayo nyuma ya picha hakuhitaji ufadhili. Tesseract, programu ya kutambua maandishi, ni ya bure na inakijua Kiswahili. Majedwali itayavuruga, michoro bado itahitaji mtu wa kuieleza kwa maneno. Aya za kawaida itazitoa vizuri tu.

Kisingizio cha hakimiliki nacho kimechakaa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kuwatengenezea wasioona, na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida, nakala wanazoweza kuzisoma, bila kumwomba ruhusa mwenye kitabu, na kuzipeleka hata nje ya mipaka. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Tena tasnifu ni mali yetu wenyewe, tunamwogopa nani?

Kinachoniudhi zaidi ni tasnifu mpya. Imeandikwa kwenye Word, kila herufi inasomeka. Halafu inachapwa ili msimamizi atie sahihi, na kwa ajili ya ukurasa huo mmoja kitabu kizima kinapitishwa kwenye skana. Yaani tunachukua maandishi mazima na kuyageuza picha kwa mikono yetu, kisha tunaandika miradi ya kuomba fedha za kuwasaidia wasioona.

Wakutubi wanaweza kulikomesha hili kwenye kaunta ya kupokelea kazi. Ukurasa wa sahihi uskaniwe peke yake, uunganishwe na faili lililotoka moja kwa moja kwenye Word, vichwa vya sura vikiwa vimewekwa kwa mitindo ya programu yenyewe, si kwa kukoleza wino tu. Kabla ya kupokea, jaribu kutafuta neno lolote ndani ya faili. Lisipopatikana, mwenye kazi arudi na faili lake.