Hasara ya Solyndra ni ya Umma, Faida ya Tesla ni ya Nani?

Ukisema huko Marekani kwamba serikali ikopeshe miradi ya nishati safi, hutamaliza kauli yako kabla mtu hajakutajia Solyndra. Kampuni hiyo ya vifaa vya umeme wa jua, ya Fremont, California, ilipewa na serikali dhamana ya mkopo wa dola milioni 535 mwaka 2009, yaani ikishindwa kulipa, mlipakodi ndiye anayebeba deni. Rais Obama aliitembelea Mei 2010, na mwisho wa Agosti 2011 wafanyakazi zaidi ya elfu moja walirudishwa nyumbani. Siku chache baadaye ikaomba kufilisiwa.

Wakosoaji wana hoja, tena nzito. Mapema 2011, kampuni ilipoanza kuyumba, Wizara ya Nishati ilikubali mkopo upangwe upya, na wawekezaji binafsi walioongeza dola milioni 75 wakawekwa mbele ya mlipakodi katika foleni ya kulipwa. Mwaka 2015 Mkaguzi Mkuu wa wizara alibaini kwamba wakubwa wa kampuni walikuwa wametoa taarifa za kupotosha, na kwamba wizara nayo haikuzichunguza vya kutosha. Hapo sina utetezi.

Ila chanzo cha anguko lenyewe husimuliwa nusunusu. Solyndra haikutengeneza paneli bapa. Ilitengeneza mirija ya kioo yenye tabaka jembamba la shaba, indiamu, galiamu na seleniamu, inayonasa mwanga kutoka kila upande, hata ule unaorudishwa na paa jeupe. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba haikuhitaji polisilikoni, malighafi ya paneli za kawaida, ambayo mwaka 2008 ilipita dola 400 kwa kilo. Kufikia mwisho wa 2011 kilo ilikuwa chini ya dola 40. Paneli za kawaida zikashuka bei, hasa zile za China, na mirija ikakosa soko. Yaani sola ilipata nafuu ambayo kila mtu alikuwa akiiombea, na ikamuua mmoja wa waliokuwa wakiipigania.

Mpango wenyewe wa Wizara ya Nishati wa kukopesha na kudhamini mikopo uliwekwa na sheria ya mwaka 2005, wakati wa Rais Bush, ukapanuliwa mwaka 2009. Shabaha yake ni miradi ambayo benki inaielewa kwenye karatasi lakini haijapata kuiona ikifanya kazi. Kabla yake, Marekani haikuwa na hata kituo kimoja cha paneli za sola kilichozidi megawati 100. Vitano vya kwanza vilijengwa kwa msaada wa ofisi hii, kimojawapo Agua Caliente cha megawati 290 katika jangwa la Arizona, kwa dhamana ya dola milioni 967. Baada ya hapo benki zilianza kukopesha vituo vya namna hiyo bila dhamana ya serikali.

Sasa hesabu. Mwishoni mwa 2014 wizara ilitangaza kwamba hasara ilikuwa dola milioni 780, sawa na asilimia 2.28 ya mikopo yote ya dola bilioni 34.2, ilhali riba iliyokwisha kukusanywa ilikuwa milioni 810. Watetezi walishangilia kwamba mpango umeingia kwenye faida. Walifanya haraka. Riba hiyo haijatolewa gharama ya serikali yenyewe kupata fedha za kukopesha, tena sehemu ya bilioni zile 34 ilikuwa bado haijatolewa. GAO, wakaguzi wa Bunge, walipoeleza hesabu ya muda wote wa mikopo mwaka 2015, gharama halisi ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2.2. Kwangu hiyo ndiyo namba ya kujadili, na bado naiona ndogo, kwa kuwa Bunge lilikuwa limetenga takriban bilioni 10 za kufidia hasara.

Kinachonikera ni kingine. Tesla, kampuni ya magari ya umeme ambayo kiwanda chake kiko Fremont hiyohiyo, ilikopeshwa dola milioni 465 Januari 2010 na ikamaliza deni Mei 2013, miaka tisa kabla ya wakati. Ilisifiwa sana. Lakini katika mkataba serikali ilikuwa na haki ya kununua baadaye hisa zipatazo milioni 3 kwa dola 7.54 kila moja, na haki hiyo ilikuwa ikipungua kadiri deni linavyolipwa mapema. Mwezi huo Tesla iliuza hisa mpya kwa dola 92.24. Piga hesabu: kwa bei hiyo pekee, haki iliyofutika ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 250, karibu nusu ya kilichopotea Solyndra. Kifungu kiliwekwa kwa nia njema, ili mkopaji asichelewe. Matokeo yake ni kwamba anayeshindwa humwachia mlipakodi deni zima, na anayefanikiwa humrudishia mkopo na riba ndogo tu.

Hoja ya wakosoaji kwamba serikali isichague washindi sokoni nayo ina walakini. Machi 2019 utawala wa Trump uliongeza dola bilioni 3.7 kwenye dhamana za kinu cha nyuklia cha Vogtle, Georgia, zikafika bilioni 12, zaidi ya mara ishirini ya mkopo wa Solyndra. Wengi wa waliokuwa wakilitaja jina la Solyndra kila siku hawakusikika.