Liko Juu ya Mawe kwa Sababu Nalipenda

Barua ya halmashauri niliikuta imebandikwa getini. Mistari minne tu: "gari bovu lisilotumika" liondolewe ndani ya siku 14, au lifunikwe wapita njia wasilione. Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya zamani. Ni kweli liko juu ya mawe, na matairi yako stoo. Lakini bovu? Tangu lini mgonjwa anayesubiri zamu ya upasuaji akaitwa maiti?

Hasira hunifanya msomaji, kwa hiyo nilizisoma kanuni zao mwanzo hadi mwisho. Gari lisilowaka, lisilo na leseni ya mwaka huu, lisilosogea, hilo ni taka. Basi. Wakati huohuo FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, linasema gari la kihistoria lazima liwe na miaka isiyopungua 30, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe la safari za kila siku. Lisiwe la kila siku! Sifa inayoliheshimisha gari kwao ndiyo inayolipeleka kwenye mizani ya skrepa kwetu.

Na kila walichokiona kikawakera nilikifanya kwa makusudi. Nimeliinua juu ya mawe kwa sababu tairi likibeba uzito mahali pamoja kwa miezi hubonyea, na halirudi sawasawa. Betri nimeitoa ili isifie humo ndani. Tangi nimelikausha kwa sababu petroli hailali miezi mingi bila kuharibika, na ikiharibika huacha utandu wa gundi ndani ya kabureta. Sasa mtu anachungulia juu ya ukuta, anaona gari halina matairi wala betri, anaandika "limetelekezwa". Gari lililotelekezwa kweli ni lile la mtaa wa pili, limekaa chini kwa matairi yake manne yenye pancha. Hilo halikupata barua. Lina leseni.

Ila hilo naweza kulisamehe. Kilichonitoa usingizini ni turubai.

"Lifunikwe." Aliyeandika neno hilo hajawahi kufunua gari lililokaa chini ya turubai la nailoni msimu mzima wa mvua. Mimi nimewahi. Unyevu wa ardhini hupanda mchana, hukuta nailoni haipitishi hewa, hubaki hapohapo. Usiku bodi inapopoa, unyevu ule unageuka matone. Kila usiku. Gari linaoga bila mvua kunyesha. Upepo nao ukipiga, turubai lenye vumbi linasugua rangi kama msasa, kidogo kidogo, mpaka kwenye kona za boneti unaiona bati. Na humo gizani panya wamepata nyumba, na waya za injini wamepata chakula. Nilipofunua lile gari langu la kwanza nilibonyeza sakafu upande wa dereva kwa kidole gumba, kikapita mpaka chini. Fundi hakusema kitu, alitikisa kichwa tu.

Yako maturubai yanayopumua, najua, ila kanuni haitaji lolote kuhusu kupumua. Inataka macho ya wapita njia yapumzike. Dawa halisi ni paa lisilo na kuta. Nikauliza. Kibanda kinahitaji kibali, na kibali kinahitaji umbali kutoka mpakani ambao kiwanja changu hakina. Kwa hiyo nje ni marufuku, na ndani pia ni marufuku. Labda nilitundike mtini.

Haya, niwape haki yao, ingawa inaniuma. Tairi lililotupwa nje likijaa maji huzaa mbu. Oili ikivuja huingia ardhini. Mtoto anaweza kujifungia kwenye buti. Na sisi wapenda magari tunamjua yule mwenzetu mwenye mikweche tisa ambaye kila mwaka anasema "nitaanza na hii". Huyo andikieni barua, hata mbili. Lakini angalieni oili, maji na buti. Hayo yanakaguliwa kwa dakika tano, na jibu lake halitegemei jicho la jirani.

Uingereza, tangu 1998, mwenye gari lisilotembea anaweza kutoa tamko rasmi kwamba liko nje ya barabara, akaliweka kwenye eneo lake binafsi bila kulilipia kodi ya barabara. Fomu moja. Sisemi wao ni malaika. Nasema fomu ipo.

Siku zangu zinaisha Alhamisi. Turubai nimelinunua, ndiyo, nimetii. Nalivuta jioni, nalivua alfajiri kabla jua halijachemsha unyevu, nafungua milango yote minne hewa ipite. Jirani alipita jana akaniuliza kama nauza.